Ukianza Altered Carbon, fuata maiti

Mara ya kwanza nilipoitazama Altered Carbon niliiacha sehemu ya pili. Ilikuwa usiku, nimechoka, simu iko mkononi, na kila nikiinua macho nakuta mtu yuleyule ana sura nyingine. Mwaka uliofuata nikairudia, simu nimeiacha chumbani, na sehemu zote 10 za msimu wa kwanza nikazimaliza kwa siku nne. Tangu hapo, anayeniuliza aanze na tamthilia gani ya kisayansi namwelekeza huko, ila namwambia kwanza haya.

Shika kesi. Magari yanayoruka na mwaka 2384 viache vijipite. Tajiri Laurens Bancroft amelipuliwa kichwa nyumbani kwake. Polisi wanasema amejiua. Yeye mwenyewe, akiwa hai, anakataa, na anamkodi mpiganaji wa zamani aitwaye Takeshi Kovacs amtafute muuaji. Inawezekanaje? Watu wa zama hizo wamepachikwa shingoni kidude kidogo, staki, kinachohifadhi fahamu na kumbukumbu zao. Mwili ukifa, staki inahamishiwa mwili mwingine. Staki ikivunjika, hapo ndipo mtu amekufa kweli. Ya Bancroft ilisagika, lakini ana fedha za kurusha nakala ya fahamu zake kwenye setilaiti kila baada ya saa 48. Kwa hiyo amerudi, isipokuwa yaliyotokea tangu nakala ya mwisho hayakumbuki kabisa. Upelelezi wote unalizunguka pengo hilo. Ukilishika, hutapotea hata sura zibadilike mara kumi.

Halafu waangalie maskini. Kuna tukio fupi mwanzoni kabisa, usilipitishe. Mtoto wa miaka saba ameuawa na gari, dereva akakimbia. Wazazi wamekuja kumpokea mwanao, na kwa kuwa hawana cha kulipa, wanapewa mwili wowote uliopo. Anayetoka mlangoni ni mwanamke mtu mzima, ana hofu ya mtoto machoni. Niliisimamisha pale, nikaenda kuwatazama wanangu walivyolala. Mbele kidogo, mpelelezi Kristin Ortega anamleta bibi yake marehemu kwenye sikukuu ya wafu, ndani ya mwili wa jambazi mwenye michoro hadi usoni. Mama yake Ortega ni Mkatoliki, haamini kwamba marehemu anapaswa kurudishwa. Bado wanakula pamoja na kucheka. Sijaona tamthilia nyingine ya upelelezi iliyouliza kwa uchungu namna hiyo mtu ni roho au ni mwili.

Usiiwashe sebuleni wazee na watoto wakiwapo. Uchi ni mwingi, damu na mateso pia, tena bila kukutahadharisha.

Kitabu cha Richard K. Morgan, kilichotoka 2002, kisome baada ya msimu wa kwanza. Mimi nilivichukua sambamba nikavichanganya vyote viwili. Kitabuni Kovacs anasimulia mwenyewe, unajua anachojua yeye tu, na maneno ya dunia yake anayataja bila kuyaeleza. Ukiwa umeshaona picha, yanaeleweka. Pia kuna tofauti kubwa. Kikosi alichotoka Kovacs, kitabuni ni askari wa Umoja wa Mataifa. Kwenye tamthilia ni waasi. Hoteli anayofikia kitabuni inaitwa Hendrix, kwenye runinga mwenyeji ni Poe, akili bandia inayoiendesha hoteli, na kwa hili runinga imeshinda. Poe ndiye ninayemkumbuka kuliko wote.

Msimu wa pili, wa 2020, una sehemu 8, na Kovacs sasa ni Anthony Mackie badala ya Joel Kinnaman. Hujaruka kitu, kabadilisha mwili tu. Kesi yake haikunishika kama ile ya Bancroft. Mwaka huohuo tamthilia ikasitishwa, kwa hiyo usikae ukisubiri msimu wa tatu. Vitabu vipo vingine viwili, Broken Angels na Woken Furies. Mimi niko katikati ya hicho cha mwisho.