Sista, nimejichoma na sindano ya mgonjwa na sijaripoti

SWALI: Shikamoo sista. Mi ni mwanafunzi wa uuguzi mwaka wa pili, niko fildi hospitali moja hapa Dar. Jana saa tano usiku nilimtoa mgonjwa damu ya kipimo, wakati narudishia kifuniko sindano ikapita glavu ikanichoma kidole, damu ikatoka. Mwenzangu kaniambia nikamue na nimwagie Jiki, nikafanya ivo. Kwenye faili la mgonjwa hakuna majibu ya VVU na naogopa kumwambia inchaji maana ataniandika vibaya kwenye logibuku. Je, nisubiri miezi mitatu ndo nipime? Halafu lingine, mwalimu katupa asainmenti, nafasi ya muuguzi katika kuzuia VVU, wenzangu wote wameandika kutoa elimu na kugawa kondomu. Hakuna kingine kweli?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usisubiri hata lisaa. Kama unasoma hapa uko kwenye daladala shuka kituo kinachofuata urudi hospitali, nasema kweli kabisa.

Dawa za kuzuia maambukizi baada ya kuchomwa, zile tunaita PEP, zinatakiwa zianze ndani ya masaa 72, na hayo 72 ni mlango wa mwisho tu, ukianza ndani ya masaa machache ni bora zaidi sana. Sababu yake ni hivi, kirusi kikiingia kwenye kidonda hakisambai mwilini dakika hiyo hiyo, kinaanza na seli za pale pale karibu, halafu ndani ya siku chache kinafika kwenye tezi na huko kikishajizalisha ndo basi tena. Dawa inazuia kujinakili kipindi ambacho bado ni vichache. Ndo maana anayekwambia usubiri miezi mitatu upime anakuchimbia shimo, akidhani anakupa moyo.

Jiki na kukamua sahau. Jiki inaunguza nyama na kukamua kunaumiza pale pale ulipochomwa, na hakuna ushahidi kwamba kimojawapo kinasaidia. Unaosha kwa sabuni na maji yanayotiririka, basi. Ushajimwagia ushajimwagia, nawa vizuri twende mbele.

Ukifika utapimwa wewe kwanza, na wengi hapo wanakasirika wakidhani wanashukiwa, kumbe kile kipimo cha leo ndo ushahidi wako kwamba kabla ya sindano ulikuwa huna. Na kama ikitokea tayari unavyo, basi PEP sio yako, unaanzishiwa matibabu yenyewe. Mgonjwa naye ataongeleshwa na kupimwa kwa ridhaa yake. Usiende kuchukua damu yake kimya kimya kwenye chupa iliyobaki maabara, nakujua, mawazo hayo sote yameshatupitia. Majibu yake yakichelewa wewe unaanza dawa, akija kuwa hana ndo wanakwambia uache. Dawa ni siku 28, mara nyingi ni kidonge kimoja kwa siku kile cha TLD chenye tenofovir, lamivudine na dolutegravir. Siku za mwanzo unaweza kupata kichefuchefu, kichwa, au usingizi kupaa. Kama unatumia dawa za kiungulia au vidonge vya kuongeza damu sema mapema maana vikigongana na dolutegravir vinaizuia kuingia vizuri mwilini, watakupangia masaa. Unarudia kupima wiki ya 6 na mwezi wa 3, na katika muda huo kondomu kila tendo na usichangie damu.

Sasa hofu. Kati ya watu 1,000 waliochomwa na sindano yenye damu ya mtu mwenye VVU ambaye hayuko kwenye dawa, wanaopata ni kama 3. Homa ya ini B kwa mtu asiyechanjwa ni kati ya 6 na 30 kwa kila 100! Hiyo hamna anayeililia wodini. Waulize na chanjo yako, ulimaliza dozi zote tatu au uliishia ya kwanza kama nusu ya darasa letu.

Kuhusu inchaji nakuelewa kuliko unavyodhani. Mimi mwaka wangu wa kwanza kazini nilijichoma na sindano ya kushonea wodi ya wazazi, inchaji wetu alikuwa mkali mpaka kivuli chake kinakukaripia, nikanyamaza siku mbili nzima nikiosha kidole kila saa kama mwendawazimu, nilivyokuja kusema masaa yalikuwa yamepita hamsini na kitu. Nilipona, lakini ile miezi mitatu ya kusubiri sitaki hata kuikumbuka. Na alichonikaripia wala sio kujichoma, ni kuchelewa. Ripoti iandikwe, hiyo karatasi ndo inayokulinda, na ukishaajiriwa ndo itakayokubeba kama itafika kudai fidia WCF, ule mfuko wa fidia kwa wafanyakazi. Na kifuniko hakirudishiwi mdogo wangu, sindano ikishatumika inaenda sefti boksi ilivyo.

Haya, asainmenti. Elimu na kondomu sio makosa ila hapo hujaonyesha nesi, hata tangazo la redioni linafanya hivyo. Andika kuhusu kuwahi. Hicho ulichouliza leo ni kuwahi kirusi, na kazi yetu karibu yote kwenye VVU iko hivyo.

Chukua kliniki ya wajawazito. Mama anapimwa hudhurio la kwanza na mwenzi wake, akikutwa anavyo anaanza dawa, ikiwezekana siku hiyo hiyo. Bila kufanya lolote watoto 15 mpaka 45 kati ya 100 wanaambukizwa tumboni, wakati wa kuzaliwa au kwenye kunyonya, ila mama akimeza dawa vizuri na mtoto akapewa nevirapine tangu anazaliwa inashuka chini ya 5. Wiki ya 6 nesi anamchoma mtoto kisigino, matone yanakaushwa kwenye karatasi yanaenda maabara. Sasa mama kahama Mbagala kaenda kwa mama yake Ifakara, simu haipatikani, majibu yamerudi, nani anamtafuta? Ni nesi na wahudumu wa jamii, anapiga namba ya jirani bila kutamka neno hata moja la kutoa siri, maana sheria ya VVU ya mwaka 2008 inamfunga mdomo. Hiyo ni kinga, andika hivyo.

CTC, kliniki ya huduma na matibabu ya VVU, nako hivyo hivyo. Mtu akimeza dawa na wingi wa virusi ukashuka mpaka havionekani kwenye kipimo, hamwambukizi mwenzi wake kwa ngono. Kwahiyo nesi anayegundua kwamba huyu kaka hajaja kwa tarehe yake, na akamuuliza kwa upole badala ya kumfokea mbele ya foleni, anamkinga dada ambaye hatakuja kumuona maisha yake yote. Kliniki ya methadoni, dawa ya kunywa kwa waraibu wa heroini, Muhimbili imeanza 2011, pale mtu anakunywa dozi yake kila siku mbele ya mhudumu, na anayekunywa methadoni anapunguza sana kushiriki sindano kijiweni.

Na kuna kitu vitabu vyenu huenda havijafikia. Tangu sheria hiyo hiyo ya VVU irekebishwe mwaka 2019 kijana wa miaka 15 anaridhia kupimwa mwenyewe, na kujipima kumeruhusiwa. Sasa kaja binti wa miaka 16 kutoka Buguruni kajikaza, nesi wa dirishani anamuuliza kwa sauti "mama yako anajua uko hapa?" Binti anageuza, harudi. Mimi asainmenti ningeianzia hapo, na mwalimu akikataa mwambie anitafute.

Ila kwanza kidole. Kama CTC wameshafunga nenda imejensi, mwambie aliyepo zamu "nimechomwa na sindano jana saa tano usiku", kwa maneno hayo hayo, muda uwe ndani. Ukishameza kidonge cha kwanza andika saa uliyomeza, kila siku utameza saa hiyo hiyo.