Mpini wa kuzimia injini uwe pale mkono unapofika

Jioni moja ya kusi, tukiwa tumeshaupita mnara wa taa wa Ulenge tunaingia Tanga, tulishusha tanga nikawasha injini ili tukatie nanga karibu na Ras Kazone. Kabla ya Kisiwa cha Toten tukapanda juu ya kamba ya jarife, wavu wa kuvulia, ikajizungusha kwenye pangaboi. Niliisikia kabla sijaiona: injini ikalemewa, shafti ikaanza kugonga chini ya miguu yangu. Nikavuta gia kuiweka frii, gia ikagoma. Lililobaki lilikuwa kuzima, na mpini wa kuzimia ulikuwa chumbani nyuma ya ngazi, maana fundi aliyeifunga injini aliona hapo ndipo kebo ingekuwa fupi. Ikabidi niachie kana, ule mpini wa usukani, nishuke, nipapase gizani. Niliporudi juu omo, yaani mbele ya boti, ilikuwa imeshaelekea kwenye mwamba. Tulitupa nanga upesi, nayo ikashika.

Tangu siku hiyo kila anayeniuliza kuhusu kufunga dizeli kwenye boti ya tanga namwambia aanze na swali hili: ukiwa umekaa tezini, nyuma ya boti, na kana mkononi, mkono wako wa pili unafika wapi bila kuinuka? Hapo ndipo pa kuzimia. Ukienda kwa tanga utahama ubavu kila unapobisha, yaani kugeuza boti ili upepo uingie ubavu wa pili, lakini ukienda kwa injini unakaa upande mmoja tu, ule wenye mpini wa gia. Basi mpini wa kuzimia uwe jirani yake, ila usifanane nao. Wangu una kichwa chekundu cha mviringo ili hata usiku mkono uutambue.

Wavuvi wenye mashine za nje wana kamba ya kuzimia inayofungwa mkononi. Mtu akianguka baharini, mashine inazimika. Sisi wa injini za ndani kwa kawaida hatuna kitu hicho, kwa hiyo mahali pa mpini si jambo dogo.

Wengi hudhani kugeuza ufunguo kunatosha. Kwenye petroli, sawa, kwa sababu ukikata umeme cheche inakufa. Dizeli haina cheche. Inawaka kwa joto la hewa iliyoshindiliwa, na maadamu pampu inapeleka mafuta itaendelea kuzunguka. Kwenye injini nyingi ndogo za zamani mpini wa kuzimia huvuta wenzo ulio kwenye pampu na kukata mafuta. Vuta mpaka mwisho, ushikilie hadi injini inyamaze, ndipo ugeuze ufunguo. Na usizime swichi kuu ya betri injini ikiwa inazunguka, unaweza kuunguza dayodi za alteneta, kile kifaa kinachochaji betri.

Nilipouhamisha mara ya kwanza nilikosea tena. Niliuweka chini, usawa wa kifundo cha mguu, kwa kuwa ubao wa pale ulikuwa rahisi kutoboa. Miezi michache baadaye tunaingia mlango wa mto Pangani, pale kwenye fungu la mchanga ambapo mawimbi yanasimama, demani, kamba ya kushikia tanga, ikajizungusha kwenye ule mpini na kuuvuta. Injini ikafa mahali ambapo huhitaji kabisa ife. Nilisukuma mpini, nikapiga stata, ikawaka; lakini mikono ilinitetemeka mpaka tulipofunga boti. Kwa hiyo usiweke panapopita miguu wala kamba, wala chini panapotuama maji ya chumvi. Uzamishe ndani ya ubavu wa benchi, kichwa kisichomoze nje. Wala usiuweke ndani ya sanduku lenye kifuniko, kwa sababu siku ya shida kifuniko hicho kitakuwa kimekaliwa na mtu.

Kebo ipite kwa mikunjo mipana; ikikunjwa kwa kona kali inakuwa nzito na chumvi inaimaliza mapema. Ukimaliza kuifunga, mtu mmoja avute juu, mwingine atazame pampu: wenzo ufike mwisho, kisha urudi wote. Usiporudi wote injini itakosa nguvu. Ukiusahau umevutwa haitawaka kabisa, na utaua betri bure ukitafuta ubovu kwingine. Hilo limenikuta asubuhi mbili, sitaki likukute.

Kama injini yako inazimwa kwa kitufe na solenoidi, kifaa cha umeme kinachokata mafuta, uliza ni ya aina gani. Ipo inayohitaji umeme ili izime, hivyo betri ikifa kitufe hakina kazi. Ipo inayohitaji umeme ili iendelee, hivyo waya mmoja ukilegea unabaki bila injini. Vyovyote iwavyo, uujue ule wenzo wa kwenye pampu kwa kidole chako. Kufunga koki ya tangi peke yake kunachelewa, maana mafuta yaliyomo kwenye filta na mipira yanaiendesha injini kwa muda. Na injini ikianza kula oili yake yenyewe, hata kukata dizeli hakuizimi; ziba njia ya hewa kwa ubao, kamwe si kwa kiganja.

Nilipotaka kutoboa mara ya tatu, kwanza nilibandika kipande cha utepe wa karatasi wenye gundi, nikamkalisha mke wangu tezini amevaa jaketi la kuokolea. Hakufika. Nikakisogeza sentimita 10 mbele, akafika, nikatoboa. Yale matundu mawili ya zamani nimeyaziba kwa vigingi vya mvule.