Kwa mnaoanza kusoma mipaka ya jeshi katika Katiba

Nimesahihisha kazi nyingi za wanafunzi wa sheria ya katiba kuhusu mada hii, na nyingi huanza vilevile. Mwanafunzi anatafuta ibara inayotaja jeshi, anainakili, anapima ukali wa maneno yake, kisha anatoa hukumu: nchi hii imelibana jeshi lake, ile haijalibana. Ushauri wangu wa kwanza kwenu ni kuachana na kipimo hicho. Kinachobana ni pale ambapo mwenye kutoa amri analazimika kurudi kwa mtu mwingine kuomba, tena akijua anaweza kunyimwa.

Japani itawaonyesha haraka ninachosema. Ibara ya 9 ya Katiba yake, iliyoanza kutumika Mei 3, 1947, inakataa vita milele na kusema majeshi ya nchi kavu, ya majini na ya angani hayatawekwa. Ni vigumu kupata maneno makali kuliko hayo. Lakini vita vya Korea vilipolipuka mwaka 1950 kikaundwa kikosi cha akiba ya polisi, na kufikia 1954 nchi ilikuwa na Vikosi vya Kujilinda vya nchi kavu, vya majini na vya angani. Katiba haikuguswa hata nukta. Serikali ilishika hoja kwamba nguvu ya kiasi cha kujilinda tu haimo katika nguvu za kivita zilizokatazwa. Mwaka 1973 mahakama ya wilaya ya Sapporo ilitamka kwamba vikosi hivyo vinavunja Katiba. Mahakama ya rufaa ikaitengua hukumu hiyo mwaka 1976, na mwaka 1982 Mahakama ya Juu ikalifunga shauri kwa sababu waliofungua hawakuwa tena na maslahi ya kisheria ndani yake. Swali lenyewe halikujibiwa.

Ujerumani ni kinyume chake. Sheria yake ya Msingi ya mwaka 1949, ambayo ndiyo Katiba yake, inapiga marufuku maandalizi ya vita vya uchokozi, na ibara iliyoongezwa mwaka 1956 inaruhusu majeshi kwa ajili ya ulinzi. Hamtakuta humo sentensi inayosema waziwazi kwamba askari hawatoki nje kwa mapambano hadi Bunge liidhinishe. Mahakama ya Katiba ndiyo iliyolipata sharti hilo, katika hukumu ya Julai 12, 1994, kwa kuisoma Katiba nzima kwa pamoja, na mwaka 2005 likaandikiwa sheria yake. Ukisoma maandishi pekee utasema Japani imefunga na Ujerumani imeacha wazi. Ukisoma na hukumu, utakuta serikali ya Ujerumani ndiyo inayopeleka ombi bungeni kila inapotaka kutuma kikosi vitani.

Msiruke upande wa pili mkasema basi Ibara ya 9 ni mapambo. Wanafunzi wengi wakishagundua habari za 1954 hufika hapo kwa furaha, na ninawakata alama. Ibara hiyo imeilazimisha kila serikali kujieleza. Walinzi wa amani hawakutumwa nje hadi ilipotungwa sheria ya mwaka 1992. Mwaka 2014, baraza la mawaziri lilipotaka kuruhusu kuzisaidia nchi rafiki zilizoshambuliwa, lililazimika kubadili tafsiri hadharani, na sheria za 2015 zikapita katikati ya maandamano. Njia ya kurekebisha Katiba yenyewe inadai theluthi mbili ya wabunge wote katika kila baraza na kura ya maoni ya wananchi, na haijawahi kufika mwisho.

Sasa fedha. Hapa ndipo wengi hupita mbio, nami ningewaomba mkae. Katiba ya Marekani inalipa Bunge mamlaka ya kutangaza vita, na kila mwanafunzi anaitaja ibara hiyo. Mara ya mwisho Bunge hilo lilitangaza vita rasmi ni Juni 1942, dhidi ya Bulgaria, Hungaria na Romania. Korea, Vietnam na Iraki vyote vilipiganwa bila tangazo la namna hiyo. Lakini katika orodha ileile ya mamlaka ya Bunge kuna maneno machache yasiyosomwa: fedha za jeshi la nchi kavu zisitengwe kwa zaidi ya miaka miwili. Wazo hilo lina asili ya zamani. Waingereza mwaka 1689 walishaandika kwamba ni haramu mfalme kuweka jeshi la kudumu wakati wa amani bila ridhaa ya Bunge. Na fedha zilikuja kuuma kweli: mwaka 1973 Bunge la Marekani lilikata fedha za mapigano ya Indochina (Vietnam, Laos na Kambodia), kuanzia Agosti 15. Rais ambaye hakuhitaji tangazo la vita alihitaji hundi.

Baada ya fedha, tafuteni saa na siku. Ufaransa, tangu marekebisho ya 2008, serikali hulijulisha Bunge ndani ya siku tatu tangu operesheni ya kijeshi nje ya nchi ianze, na operesheni ikipita miezi minne sharti iombe idhini ya kuendelea. Tanzania, Ibara ya 44, Rais akishatangaza hali ya vita, mkutano wa Bunge uitishwe ndani ya siku 14 kufikiria azimio la kumuunga mkono. Andikeni pembeni kama idhini inatangulia au inafuata. Bunge linaloulizwa baada ya risasi ya kwanza lina uhuru mdogo sana wa kusema hapana.

Kenya inafaa kusomwa polepole, maana Ibara ya 241(3) imetenganisha mambo mawili yanayofanana kwa macho. Majeshi yakisaidia mamlaka nyingine wakati wa dharura au maafa, taarifa itolewe kwa Bunge la Taifa. Yakipelekwa kurejesha amani mahali penye ghasia ndani ya nchi, ni kwa idhini ya Bunge hilo tu. Juni 25, 2024, waandamanaji walipoingia bungeni Nairobi, tangazo la kuwatoa wanajeshi liliita hali ile dharura ya usalama. Idhini ya Bunge ilikuja siku iliyofuata. Chama cha Wanasheria kikaenda Mahakama Kuu, ambayo haikuwarudisha askari kambini ila iliitaka serikali iweke wazi eneo na muda wa kazi yao. Mkipewa tukio kama hili kwenye mtihani, msikimbilie kusema halali au haramu. Uliza kwanza: dharura au ghasia, nani ameamua, na saa ngapi.

Jambo la mwisho ni nani anaweza kushtaki, na hili hukaa mbali kabisa na sura ya jeshi, mara nyingi kwenye sura ya mahakama au ya haki za raia. Kosta Rika ilivunja jeshi lake Desemba 1948 na kulipiga marufuku kama taasisi ya kudumu katika Ibara ya 12 ya Katiba ya 1949. Serikali yake ilipounga mkono kampeni ya Marekani nchini Iraki mwaka 2003, miongoni mwa waliofungua mashauri alikuwa mwanafunzi wa sheria. Mwaka 2004 kitengo cha Katiba cha Mahakama ya Juu ya nchi hiyo kilitengua uamuzi huo na kuitaka serikali iombe jina la nchi lifutwe kwenye orodha ya waungaji mkono. Katika nchi nyingi shauri lake lingetupwa siku ya kwanza, kwa kukosa maslahi binafsi.

Kwa hiyo mkipewa katiba ya kuchambua, anzeni na sura ya fedha za umma, mwende kwenye sura ya mahakama, halafu ndipo mfungue sura ya ulinzi. Na mkiweza kupata kumbukumbu za mijadala ya bunge husika, someni siku ambayo serikali ilikuja kuomba.