Ombi la ruzuku ya ajira kwa vijana lianzie kwa mwajiri

Nimeandika maombi ya ruzuku kwa mashirika yanayowasaidia vijana wa familia zenye kipato kidogo kupata kazi, na nimeitwa pia kuyapima maombi ya wenzangu. Mengi huanguka mahali pamoja: mafunzo yanaelezwa kurasa kwa kurasa, halafu kazi yenyewe inapewa sentensi moja ya matumaini.

Usipoteze ukurasa wa kwanza kuonyesha ukubwa wa tatizo. Shirika la Kazi Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2023 vijana wapatao milioni 65 walikuwa wakitafuta kazi bila kuipata, na kwamba kijana mmoja kati ya watano hakuwa kazini, shuleni wala mafunzoni. Mfadhili amekwisha kuyasoma hayo. Asichokijua ni nani atakayewaajiri vijana wako.

Kwa hiyo nenda kwa waajiri kabla hujaandika chochote. Waulize ni nafasi zipi hazikai na watu, wafanyakazi wapya wanaacha kazi kwa sababu gani, na kwenye usaili wanaangalia nini hasa. Kisha omba barua inayotaja idadi ya nafasi na lini zitapatikana. Barua ya kuunga mkono juhudi zenu haimshawishi mtu. Year Up, programu ya Marekani ya kuwaandaa vijana kwa kazi, iliyoanzishwa Boston mwaka 2000, ilijengwa juu ya uhusiano wa namna hii: kijana husoma kwa miezi kadhaa, kisha huingia kwa mwajiri kujifunza kwa vitendo. Watafiti waliwagawa waombaji kwa kura, wakakuta waliopata nafasi kwenye programu hiyo wanaendelea kuwazidi wenzao kipato hata miaka kadhaa baadaye.

Sasa bajeti, na hapa ndipo ninapoumia ninaposoma maombi ya watu. Kijana anayeishi kwa kibarua akija darasani amepoteza ujira wa siku hiyo. Nauli, chakula cha mchana, mtu wa kumwachia mtoto, nguo za usaili, ada ya kitambulisho: vitu hivi ndivyo vinavyoamua kama atamaliza, na ndivyo vinavyofutwa kwanza ili gharama kwa kila kijana ionekane ndogo. Viweke, na eleza kwa nini vipo. Tuseme shirika moja linafundisha vijana 200 na 40 wanapata kazi, jingine kwa fedha zilezile linafundisha 60 na 45 wanapata kazi. La pili ndilo la bei nafuu kwa kila ajira, lakini ni lazima uipige hesabu hiyo wewe mwenyewe ndani ya ombi, usimwachie msomaji.

Gharama za uendeshaji pia zisikutie aibu. Hata kanuni za ruzuku za serikali kuu ya Marekani, tangu Oktoba 2024, zinaliruhusu shirika ambalo halijakubaliana na serikali hiyo kiwango chake la gharama za uendeshaji kudai kwa ajili ya gharama hizo hadi asilimia 15 ya gharama za msingi za mradi, kutoka asilimia 10 ya awali. Mhasibu na pango la ofisi ni sehemu ya kumpatia kijana kazi.

Weka mshahara wa mtu wa ufuatiliaji. Wiki za kwanza kazini ndizo ngumu, na simu moja kwa kijana na nyingine kwa msimamizi wake huokoa ajira nyingi. Ahidi kuhesabu walio bado kazini baada ya miezi sita, siyo waliopokea vyeti tu.

Hati za usajili na hesabu zilizokaguliwa ziwe tayari mapema. Mpigie afisa wa mfadhili kabla ya kutuma, kama wanaruhusu. Uliza fedha zinatolewa kwa awamu au mnarudishiwa baada ya kutumia, kwa sababu shirika dogo lisilo na akiba linaweza kushinda ruzuku na bado likashindwa kulipa nauli za mwezi wa kwanza. Na ukikataliwa, omba maoni ya waliopima kwa maandishi. Wafadhili kadhaa huyatoa wakiombwa, na waombaji wachache mno ndio wanaoyaomba.