Sina Budi, Sina Budi

Miaka miwili mashua ya marehemu baba ililala upande kwenye mchanga wa Matondoni, kijiji cha Lamu, nami kila nikiulizwa nitaifanyaje nilijibu: "Sina budi kuiuza." Kisha siiuzi. Usiku moyo ukinienda mbio. Nikapimwa presha, iko sawa. Nikaambiwa nina mawazo tu.

Siku moja ami yangu, fundi wa vyombo, aliizunguka ile mashua akigonga ubao mmoja mmoja kwa mpini wa nyundo, sikio karibu. Ubao mzima hulia mkavu. Uliooza huitika "bu", kama mtu aliyeamshwa. "Tatu zimeoza," akasema. "Zilobaki ni kalafati tu, kuziba nyufa kwa pamba na mafuta. Chombo chatengezeka. Wewe ndo hutaki kusema wataka nini."

Nilikasirika. Lakini wakati huo nilikuwa nimeanza kusoma wanasaikolojia wanaoanza na swali la kuwepo kwetu hapa duniani, nikaona ami amewafupisha. Irvin Yalom, daktari wa Marekani, aliandika mwaka 1980 kwamba chini ya hofu zetu nyingi yako mambo manne: kifo, uhuru, upweke, na kukosa maana. La uhuru ndilo lililonishika. Tumezoea kuuona uhuru kama zawadi. Kierkegaard, mwanafalsafa Mdenmaki wa karne ya 19, aliuita wasiwasi kizunguzungu cha uhuru. Nenda gatini maji yakijaa, wavulana wakiruka, ukasimame ukingoni. Wapepesuka si kwa kuogopa kuanguka tu, bali kwa kujua kwamba hakuna anayekuzuia kuruka.

Basi usikimbilie kuufukuza kila wahaka. Mwingine unakwambia kuna jambo ni lako kuliamua na umelikwepa. (Kama huli, hulali wiki nzima, au wawaza kujidhuru, hilo ni jingine: nenda hospitali leo.)

Nilichofanya mimi: kwa wiki moja niliandika daftarini kila mara niliposema "sina budi", "siwezi" au "nimelazimika". Kisha kila sentensi nikaigeuza kuwa "nimechagua" au "sitaki". "Siwezi kuacha kazi Mokowe" ikawa "sitaki kuacha mshahara". Aibu, lakini kweli. "Sina budi kuiuza" ilinichukua siku tatu. Ilipogeuka ikawa "naogopa bahari", na chini yake kukawa na jingine: mashua ikiondoka, baba amekufa kabisa, na anayefuata foleni ni mimi. Hapo nililia, mtu mzima na daftari lake.

Si kila kitu ni cha kuchagua, usidanganyike. Kusi ikivuma haimwulizi mvuvi. Viktor Frankl, daktari wa Vienna, alipelekwa kambini na Wanazi mwaka 1942. Akatoka hai 1945, mkewe na wazazi wake wamekufa. Yeye hakusema mateso ni mazuri. Alisema tu kwamba hata pale palikuwa na kitu kimoja kilichobaki mkononi mwa mtu, namna ya kuyakabili, na kwamba badala ya kuyauliza maisha yana maana gani, tujue sisi ndio tunaoulizwa.

Atatokea wa kusema haya ni mambo ya wasioamini. Sartre, mwanafalsafa Mfaransa aliyeandika sana juu ya uhuru, hakuamini, kweli. Lakini Kierkegaard alikuwa Mkristo hasa, na sisi Waislamu tumefundishwa kumfunga ngamia kwanza, kisha ndiyo kutawakali kwa Mungu. Sioni ugomvi.

Ushauri mmoja wa mwisho: usiulize watu kumi. Mimi niliuliza kumi na wawili, nikitafuta wa kumlaumu baadaye.

Niliiuza. Juzi nilikuwa nimesimama gatini ikapita, tanga jipya, nahodha simjui. Jirani akaniuliza, "Si ile ya mzee?"

"Ndiyo," nikasema. "Niliiuza mimi."