Zawadi ya mahudhurio na alama za bure: bodi ifanyeje?

Swali: Nafundisha Gredi ya 6 katika shule moja ya Kisauni. Bodi yataka mambo mawili: mwanafunzi asiyekosa hata siku moja apewe begi jipya mwisho wa muhula mbele ya wazazi, na kila atakayefanya mitihani yote ya ndani aongezewe alama tano. Mimi nasitasita. Yafaa kweli?

Jibu: Mwalimu, nianze na hizo alama tano maana hapo sina mjadala: zikataeni. Kazi ya alama ya Hisabati ni kukwambia mtoto anajua Hisabati kiasi gani. Ukiichanganya na mahudhurio, mtoto wa 38 anaonekana wa 43, mzazi anatulia, na wewe muhula ujao hujui pa kuanzia kumsaidia. Mahudhurio yaandikwe kwenye ripoti, lakini kando.

Tena, ni nani hasa hukosa mtihani? Katika shule nilizozunguka, kuanzia Likoni hadi Bamburi, mara nyingi ni yule aliyerudishwa nyumbani kwa kutolipa pesa za karatasi za mtihani. Kumnyima na alama tano ni kumwadhibu mara mbili kwa kosa lisilo lake.

Tuje kwenye begi. Watafiti wa Marekani walijaribu tuzo za mahudhurio kwa wanafunzi zaidi ya 15,000 wa California. Walioahidiwa tuzo mapema hawakubadilika. Walioletewa tuzo ya kushtukiza, kwa mahudhurio mazuri yaliyopita, baadaye walikosa shule zaidi. Maelezo ya watafiti ni kwamba tuzo iliwaonyesha watoto wamekwisha kupita kiwango kinachotarajiwa. Na hilo sharti la kutokosa hata siku moja lina ubaya wake: aliyeugua tetekuwanga wiki ya pili ametolewa mashindanoni, muhula mzima uliobaki hana cha kukimbilia. Mwenzake mwenye homa ataletwa akikohoa ili begi lisipotee.

Sisemi zawadi hazifai kabisa. Mwaka 2001 na 2002 huko Busia, wasichana wa darasa la sita waliahidiwa ufadhili wakiingia katika asilimia 15 ya juu: ada ya shule na pesa kidogo za sare na vitabu. Alama zilipanda, na hata walimu walianza kuhudhuria zaidi. (Hilo la walimu halisemwi kwa sauti kwenye vikao vya bodi.) Lakini kile kilikuwa kitu kizito kilichoondoa mzigo wa nyumbani. Begi haliondoi chochote kwa mtoto anayebaki nyumbani kulea mdogo wake mama akiwahi sokoni Kongowea alfajiri.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, fungua daftari la mahudhurio. Usitazame wastani. Darasa la watoto 40 kwa siku 60 ni mahudhurio 2,400; asilimia 95 maana yake zimekosekana siku 120. Huenda kila mtoto amekosa siku tatu, jambo la kawaida. Huenda pia watoto kumi wamekosa siku 12 kila mmoja, na hao ndio shida yako yote. Orodhesha majina yao, kisha tazama siku zenyewe: mtu anayekosa kila Jumatatu ana hadithi tofauti na anayepotea wiki nzima baada ya kufukuziwa karo.

Bodi ikishikilia zawadi, basi kila mtoto ashindane na rekodi yake. Aliyekosa siku 12 muhula uliopita akikosa sita, huyo ameshinda. Muhesabu kila wiki mbili, kitu kiwe kidogo, kalamu au nafasi ya kuchagua mchezo wa Ijumaa, na aliyeleta taarifa ya ugonjwa asihesabiwe kosa. Pesa za mabegi zilipe karatasi za mtihani za wale wasioweza. Hapo ndipo utaona viti vikijaa siku ya mtihani.