Ukifunga kamshafti ya rola, hakikisha umeizuia isitembee

Kusi ikishaanza Malindi, boti za kuvulia sulisuli hupandishwa nchi kavu, na hapo ndipo sisi mafundi wa mashine hupata kazi zetu kubwa. Kusi moja nililetewa boti yenye V8 ya Chevrolet ya petroli, lita 5.7, ya umbo la zamani. Nundu mbili za kamshafti, ile shafti inayofungua vali, zilikuwa zimelika hadi zimekuwa butu, na tapeti zake, vipande vinavyopanda na kushuka juu ya nundu, zimechimbika chini kama kinu. Nahodha, mzee wa Shela hapa hapa Malindi, alikuwa ameshaamua: "Fundi, safari hii nitilie ya rola, nimechoka na hizi."

Nilimuunga mkono. Tapeti za kawaida husuguana na nundu, na oili nyingi za siku hizi zimepunguzwa zinki iliyokuwa ikizikinga. Tena mashine ya boti hukaa miezi bila kuwashwa, kutu ikaanza. Tapeti ya rola ina gurudumu dogo chini, nalo hubingirika tu juu ya nundu. Lakini ukibadilisha unaondoa kitu kimoja ambacho hukukiona, na mimi sikukipa uzito wake.

Kwenye kamshafti ya kawaida ya mashine hii, uso wa tapeti una kivimbe kidogo kama kioo cha saa ya mkono, na nundu zenyewe zimechongwa mshazari mdogo mno, sehemu chache tu za mia za milimita moja. Ndiyo sababu tapeti huzunguka huku ikipanda na kushuka, na msukumo huohuo huirudisha kamshafti nyuma saa zote, gia yake ya taimingi, ile ya mbele inayovutwa na cheni, ikabaki imeegemea uso wa bloku. Haihitaji kizuizi kingine. Rola nayo haiwezi kukimbia juu ya mshazari, ingebeba mzigo kwa ukingo mmoja na kufa mapema, kwa hiyo nundu zake huchongwa sawasawa. Basi hakuna tena kinachoivuta nyuma, na kamshafti iko huru kwenda mbele.

Ikienda mbele, balaa haliishii kwenye kelele. Kule nyuma yake kuna gia ya meno ya mshazari inayozungusha disitributa, kile kigawa moto wa plagi, na disitributa ndiyo inayozungusha pampu ya oili. Kamshafti ikisogea, meno hayo huizungusha disitributa kidogo, na taimingi ya moto, yaani wakati wa plagi kutoa cheche, hubadilika bila mtu kugusa kitu.

Mimi niliweka batani ya nailoni katikati ya gia, ile inayokaa kati ya kamshafti na kava ya mbele. Nikapima nafasi kwa udongo wa kuchezea watoto, nikaridhika, nikafunga. Boti ilishushwa, ikatoka kujaribiwa, na haikupita mbali na Mnara wa Vasco da Gama kabla Mzee hajanipigia simu: "Fundi, mashine haina raha. Inashika, inaachia."

Iliporudi jeti nilimulika kwa taa ya taimingi. Alama kwenye puli ilikuwa ikicheza, mara huku mara kule, haitulii hata kidogo. Nikailaumu disitributa. Nilipoteza siku mbili kuifungua, kuipima shafti yake na kuirudisha, na alama ikaendelea kucheza vilevile.

Nilipotoa kava ndipo nilipoona. Ndani yake, mkabala na batani, kulikuwa na duara linalong'aa, ukubwa wa sarafu ya shilingi kumi, na bati lake limesukumwa nje. Nilibonyeza pale kwa kidole gumba na bati likanama. Yaani kizuizi nilikuwa nacho, ila kilikuwa kimeegemea ukuta unaoyumba. Nafasi niliyoipima mashine ikiwa imezimwa haikuwa nafasi iliyokuwapo mashine ikifanya kazi.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalokuomba, tazama kava kabla ya batani. Kava ya bati jembamba isipoimarishwa haifai. Ama utafute ya alumini ya kumwaga, ama uiimarishe ya bati. Kwenye Chevrolet hii pampu ya maji inakaa mbele kabisa ya kava, kwa hiyo unaweza kufunga boliti ya kusimamishia nyuma ya pampu, ncha yake iguse kava palepale batani inapogota, na nati ya kuifungia. Mimi ndivyo nilivyofanya, na nikaongeza kipande cha chuma upande wa ndani.

Kisha pima plei, yaani nafasi ya kamshafti kwenda mbele na nyuma, kwa daili geji, ile geji ya sindano kama saa. Inayotakiwa kwa kawaida ni milimita 0.13 hadi 0.25, yaani thau (sehemu za elfu za inchi) 5 hadi 10 kwa wenye geji za inchi. Usiibane ikawa sifuri ukidhani umeizuia vizuri zaidi. Batani inahitaji oili ipite, ikibanwa inaungua. Gasketi nayo inahesabika: mpya ni nene kuliko iliyokwisha kubanwa, kwa hiyo funga kava kwa gasketi utakayoitumia, kaza boliti zote, ndipo upime. Ikizidi, ongeza shimu, washa nyembamba ya kujazia, nyuma ya batani. Ikipungua, ipunguze batani, na ukisha kuipunguza osha kila kitu.

Wakati inteki manifodi, ile sehemu ya juu inayoingiza hewa, imetolewa, unaifikia kamshafti kutoka juu. Weka ncha ya geji kwenye ubavu wa nundu, isukume mbele na nyuma kwa kipande cha mti, si kwa chuma. Halafu weka geji ya pili nje, kwenye uso wa kava. Ukisukuma kamshafti mbele na sindano ya nje ikasogea, kava inanama, na kazi haijaisha. Kipimo hiki cha pili ndicho kingeniokolea zile siku mbili, na sasa sifungi rola bila hicho.

Usisahau upande wa nyuma wa gia. Pale inaposugua bloku huwa pamelika kwenye mashine za zamani, na ukiweka washa ya shaba au beringi nyembamba, gia yenyewe lazima iwe imetengenezwa kwa ajili hiyo, la sivyo cheni haitakwenda mstari mmoja. Boliti za gia zifungwe kwa ile bamba yenye masikio ya kukunja, ndiyo pia inayoshika batani. Gia ya disitributa iwe ya madini aliyoagiza mtengenezaji wa kamshafti. Ya shaba hukubaliana na kamshafti iliyochongwa kutoka kipande kizima cha feleji, lakini inalika, kwa hiyo ikague kila kusi.

Bloku nyingi za Chevrolet za kuanzia 1987 zilitoka kiwandani na rola, na zina pleti nyuma ya gia iliyofungwa kwa skrubu mbili kwenye bloku. Hizo hazina shida hii, mradi kamshafti yako iwe na ncha ya mbele yenye ngazi inayoingia kwenye pleti hiyo. Ford V8 ndogo nazo zina pleti hata zile za tapeti za kawaida. Chungulia mbele ya bloku kabla hujaagiza: ukiona matundu mawili yenye nyuzi kando ya tundu la kamshafti, umepata. Usipoyaona, wewe ni wa batani kama mimi.

Ya Mzee niliifunga upya kwa milimita 0.18, nikaandika kipimo hicho kwa rangi ya kudumu ndani ya kifuniko cha mashine. Tulipoimulika jetini alama ilisimama tuli, na kaskazi yote alikwenda na kurudi. Kusi iliyofuata niliitoa kava: batani ilikuwa na mkwaruzo mwembamba tu, na plei ilisoma 0.20.